Duka Wamelifunga, Bango Wameliacha

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana, na kwa wale waliofungiwa maandazi kwenye ukurasa wangu kabla hawajausoma, nawapa kwa kifupi.

Mimi ni Genoveva, mzaliwa wa Kibosho, mkazi wa Agincourt, ghorofa ya kumi na moja, jijini Toronto. Kwa watu wa kanisani nilikuwa mkandaji wa wazee wenye migongo mibovu. Kwa wanaume walionisoma mtandaoni nilikuwa Sasha. Migongo niliikanda kweli, sikatai, ila kazi haikuishia mgongoni, na nyinyi si watoto wadogo.

Na nilikuwa nimependa. Mwanaume mwenyewe Tumsifu, fundi wa kompyuta hospitalini, mpole, akicheka mabega nayo yanacheka. Alishanitamkia, nami nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Mama yake alishataja washenga watakaokwenda kwa baba yangu mdogo Kibosho, na kina mama walishaanza kugombania rangi ya sare. Kwa hiyo msomaji ukiniuliza nilikuwa naogopa nini duniani, si polisi wala njaa. Nilikuwa naogopa Tumsifu ajue.

Wiki jana niliishia ile asubuhi ya Aprili 2018. Nimefungua mtandao wenye tangazo langu, nakuta nembo za polisi wa Marekani zimejaa kioo kizima. Mtandao umefungwa. Sasha hayupo, namba yake haipo, riziki yake haipo.

"Ma chérie, hii ni police ya Amerika," alisema Donatienne, Mkongo wa Bukavu, mwenzangu wa kazi na wa nyumba. "Siye tuko Canada. Banatufunga juu ya nini?"

"Mtandao ni wa kwao."

"Na tumbo yangu? Nayo ni ya kwao?"

Mheshimiwa mmoja huko Washington anakunja mikono ya shati, anapiga meza, anaokoa wanawake. Chungu kinachoepuliwa jikoni ni changu, Agincourt, na huyo mheshimiwa hata kura simpigii.

Msidhani Canada walikuwa na afadhali. Wao sheria yao walishaitunga tangu 2014, na ni sheria tamu kuisimulia. Mimi kuuza, ruksa. Mteja kununua, jela. Mimi kujitangaza, ruksa. Mtu mwingine kunitangaza, jela. Yaani wanakuruhusu ufungue genge la nyanya, halafu wanamkamata kila anayesimama kuuliza bei.

Donatienne ndiye aliyekuwa akininyooshea Kiingereza cha tangazo. Sheria ilipopita aliacha siku hiyohiyo.

"Siendi prison juu ya grammaire yako," aliniambia.

Basi nikaandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha Kibosho, na wateja wakaja vilevile. Watu wale hawakuwa wanatafuta sarufi.

Lakini mtandao wenyewe ulipofungwa, simu ililala. Waliobaki kupiga ni wale niliokwisha kuwakataa. Zamani nilikuwa nakaa na kikombe changu cha chai, nasoma ujumbe wa mtu, nauliza jina, nauliza kazi, nikimtilia shaka nampita. Na humohumo tulikuwa na ukumbi wetu wa kuonyana: huyu anapiga, huyu mlevi, huyu anatembea na kisu. Ukumbi nao ukaenda na maji.

Sasa anayechagua akawa yeye, na anayetaja bei yeye. Ijumaa moja nilimpokea mmoja wa hao niliokuwa nimewakataa. Nikabaki na jicho limevimba. Waliotunga sheria walisema wanatulinda. Ahsanteni sana, tumelindika.

Jumapili nikaenda ibada ya Kiswahili na jicho langu. Mimi Mkatoliki na ibada ni ya Walutheri, lakini ughaibuni mtu anasali palipo na chai ya maziwa. Baada ya baraka tukashuka ukumbini, chapati zikatoka, na Mama Tumsifu, mwenyekiti wetu wa kina mama, akasimama na kikombe mkononi.

"Kina mama, mmesikia? Wameufunga ule mtandao wa uchafu! Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" tukaitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

"Mabinti zetu walikuwa wanapotelea humo. Sheria imekuja, uchafu kwisha!"

Kisha macho yake yakatua kwangu.

"Mkwe, mbona umenyong'onyea? Na hilo jicho?"

"Kabati, mama. Nimejigonga. Na biashara nayo imelala, tangazo langu la mtandaoni limefutika."

Nilijisikia nikisema, na ulimi hauna kamba ya kuuvuta nyuma. Mtu ukiwa na njaa ya kuonewa huruma unaropoka.

"Tangazo la kukanda wazee? Limefutikaje?"

"Mitambo tu, mama."

"Mitambo! Na sisi tuna fundi hapa tunamlisha chapati bure? Tumsifu! Acha hivyo viti, njoo!"

Hivi ndivyo tulivyo. Mzungu ukimwambia biashara yako imekufa anakupa pole, anaenda zake. Mtanzania anakushika mkono, anamwita mwanaye, anawaita majirani, na kabla hujajieleza umeshasaidiwa.

Tumsifu akaja anajifuta vumbi kwenye suruali. "Mtandao gani, Geno?"

"Wa zamani. Hata jina nimelisahau."

"Hamna shida. Namba yako si ileile?"

"Ileile," mama yake akanijibia. "Kwani ana nyingine?"

"Basi. Kitu kikishaingia mtandaoni hakitoki, kinanakiliwa huku na huku. Naitafuta hiyo namba, tangazo linajileta lenyewe. Sasa hivi nawahi zamu, nikitoka jioni naja kwako tunalirudisha."

Mama mmoja akapiga kigelegele. Mimi chapati ikanikwama kooni, nikapigwa mgongo na watu wawili.

Najua mnachotaka kuniuliza. Genoveva, ina maana ulikuwa na namba moja, ya kanisani hiyo na ya Sasha hiyohiyo? Ndiyo. Niiteni mjinga, nimeshajiita. Laini ile alinipa Mama Tumsifu mwenyewe nilipofika mwaka 2011, kama wenyeji wetu wanavyompa mgeni koti la baridi, sufuria na simu ya zamani. Mama yangu kule Kibosho akaiandika namba kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Kuibadilisha ilimaanisha kumweleza mama kwa nini, na mama yangu haelezeki. Nikaiacha.

Nilipanda basi la barabara ya Sheppard kurudi nyumbani. Nilifika nikamkuta Donatienne anasuka nywele zake mbele ya televisheni.

"Washa kompyuta. Andika namba yangu, haraka!"

Akaandika. Loo! Sasha akaporomoka kama mvua ya mawe. Mitandao nisiyoijua, yenye majina ya ajabu ajabu, ilikuwa imeninakili nilivyo. Sasha wa 2014. Sasha wa 2016. Sasha wa Krismasi, kofia nyekundu kichwani. Kurasa zile ni makaburi, hakuna mteja anayeingia humo. Lakini namba ipo, nusu ya uso ipo, na alama yangu ya kuzaliwa begani ipo.

Mnaiona akili ya hao wakubwa? Duka nililopatia riziki wamelifunga. Bango lenye namba yangu ya simu wameliacha barabarani, asome kila mpita njia.

"Kuna pahali ya kuomba bafute," alisema Donatienne.

"Bonyeza!"

Akabonyeza, akasoma, akanigeukia. "Banaomba kwanza picha ya kitambulisho yako."

"Ili wafute Sasha nikawape na Genoveva?"

"Njo vile."

Tukaendelea kushuka, ukurasa baada ya ukurasa, tukitafuta mwisho wa aibu yangu. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa Donatienne akasimamisha kidole.

"Geno, hii ya 2008 ni ya kwako?"

"2008 nilikuwa Kibosho, nasoma."

"Namba ni ya kwako."

Nikainama. Picha ya mwanamke, kuanzia shingoni kwenda chini, ameketi kwenye kochi, gauni jekundu, goti moja nje. Maneno machache tu: mama wa Kiafrika, msafi, hana haraka, anapatikana Scarborough, Jumapili hafanyi kazi.

Kilichonitoa ukelele si goti. Ni kochi. Lilikuwa limefunikwa vitambaa vya kufuma, tausi wa bluu kwenye egemeo na vidogo vyake viwili kwenye mikono. Mwanaume wa Kizungu akiona picha ile anaona goti. Mtanzania anaona vitambaa. Na vitambaa vile nilikuwa nimevifua mimi, kwa mkono, mwezi uliopita tu, kwa sababu mwenye navyo haiamini mashine.

"Unamujua?" aliuliza Donatienne.

"Mama mkwe."

Donatienne alijifunika mto usoni akacheka mpaka mto ukalowa. Mimi sikucheka. Zilikuwa zimenijia zile simu za mwaka wangu wa kwanza Toronto. Wanaume wasionijua, wapole, wakiuliza kama niko wazi leo. Nilimuuliza Mama Tumsifu, akasema ni watu wanaotafuta msafisha mazulia, wamekosea namba, niwakatie. Nikawa nakata. Kisha ikaja ile baridi niliyofukuzwa kiwandani, simu ikalia, mwanaume akauliza kama niko wazi, na siku hiyo sikukata.

Kumbe nilipewa laini pamoja na wateja wake. Mimi nilidhani nimeshukuru kwa sufuria na koti tu.

Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Tumsifu kafika?"

"Bado. Mama, nimeitafuta ile namba kabla yake. Kuna picha ya 2008. Kochi lenye tausi."

Nilisikia friji lake likinguruma.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza. Hakuuliza picha gani.

"Mimi na Donatienne."

"Walisema wamefuta! Mwisho wa 2010 walifuta sehemu ile yote, nilihakikisha kwa macho yangu!"

"Walifuta kwao, mama. Wengine walishanakili."

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini kwa namba..." Akakatisha. Nikamsikia akivuta pumzi. "Ala! Kumbe na wewe?"

"Na mimi, mama."

Nilitegemea anitukane. Badala yake akaanza kuongea kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu aliyefungiwa maneno miaka mingi.

"Nilimwacha mtoto kwa bibi yake Machame. Nasafisha maofisi, mikono inachubuka, na ada ya shule haitoshi. Ule mtandao wa matangazo madogo ulikuwa bure. Tulikaa humo, juu yetu makochi yaliyotumika, chini yetu mbwa waliopotea. Niliogopa, lakini nilichagua nani aingie na nani asiingie. Halafu wakatufuta. Wiki nzima simu hailii. Nikasema, Bwana amenifungia mlango."

"Ndipo ukaokoka."

"Ndipo nikaokoka. Usinicheke."

"Sicheki. Ila leo ukumbini ulikuwa unashangilia nini?"

"Nilikuwa nashangilia kwa ajili ya watu!" akafoka. Kisha akashuka tena. "Genoveva, sikiliza. Mwanangu akiitafuta hiyo namba atakuona wewe, halafu ataniona mimi. Wewe huna namna ya kupona hapo. Lakini ukimwambia mwenyewe kabla hajatafuta, hatakuwa na haja ya kutafuta. Utakuwa umeniokoa."

"Na mimi nani ataniokoa?"

"Mimi. Nitakuja naye. Ukishasema, nitasema naye mimi. Mimi ni mama yake, nikimwambia huyu ndiye mkeo, ndiye. Nakuapia."

Nililia kidogo, nikakubali. Nilimwamini. Mtu aliyepita nilipopita, nilidhani atanishika mkono hata kama kwa hofu tu.

Walifika jua bado liko kwenye madirisha ya maghorofa ya jirani. Tumsifu akavua viatu mlangoni, kompyuta kwapani, anatabasamu.

"Nimekuja kufufua biashara!"

Akaiweka mezani, akaifungua. Mama yake akabaki amesimama karibu na dirisha, mkoba kifuani. Donatienne akaingia chumbani na kufunga mlango, lakini najua sikio lake lilikuwa wapi.

"Tumsifu, usitafute," nikamwambia. "Hakuna tangazo la wazee. Halijawahi kuwepo."

"Sijaelewa."

"Ule mtandao mama aliosema leo ni wa uchafu. Ndio wangu. Ndiko nilikokuwa najitangaza. Jina langu humo ni Sasha, na hiyo ndiyo kazi inayolipia nyumba hii."

Alinitazama, kisha akaangalia kompyuta, kisha akanirudia mimi. Tabasamu lilikuwa bado limemkaa usoni, limesahauliwa hapo.

"Tangu lini?"

"Kabla sijakujua."

"Na mpaka sasa?"

"Mpaka Ijumaa."

Akaketi. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Nilihesabu kwamba sasa atatukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote analoweza kuwa nalo mwanaume. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu.

"Hilo jicho si kabati."

"Si kabati."

"Nani kakupiga, Geno?"

Jamani, hapo ndipo niliposhindwa. Nilimpenda mtu yule mpaka nikaumwa mbavu. Katika yote niliyomwambia, yeye alikwenda kwenye jicho. Nikamgeukia mama yake. Sasa, mama, nikasema moyoni. Neno moja tu, liingie hapahapa penye uwazi.

Mama Tumsifu akakohoa.

"Mwanangu, inuka twende."

"Mama, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Mimi huyu nilikuwa na wasiwasi naye siku nyingi. Jicho jeusi, nguo mpya, wazee wasioonekana. Nilinyamaza kwa sababu wewe umependa."

"Mama!" nikasema.

Hakunitazama. Alikuwa ameona nilichoona mimi, kwamba mwanaye hajaondoka, na asiyeondoka atauliza maswali, na maswali yataifikia ile namba. Afadhali mimi nizikwe leo, maswali yazikwe nami.

"Kiapo chako kiko wapi, mama?"

"Kiapo gani? Unaniunganisha mimi na mambo yako?" Sasa alinitazama, na macho yake hata hayakupepesa. "Washenga nitawarudisha mwenyewe. Kina mama nitawaambia mwenyewe, wajue walikuwa wanakula chapati na nani. Nyumba yangu haijawahi kuguswa na uchafu wa namna hii, na haitaguswa leo. Tumsifu, twende."

Tumsifu aliinuka. Alilelewa kutii, na siku ile hakuwa na nguvu ya kitu kingine. Alipita mbele yangu, akainama mlangoni, akaanza kuvaa viatu. Kompyuta aliisahau mezani, imefunguka.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mwanamke mwenye haya angenyamaza. Lakini haya yangu ilishanakiliwa kwenye mitandao kumi, na ya kwake ilikuwa imekaa ukurasa wa mwisho imefunikwa vitambaa.

"Tumsifu," nikasema. "Usivae viatu."

"Niache, Geno."

"Si ulikuja kutafuta namba? Kompyuta yako hiyo hapo, itafute. Yangu usiyasome, nimeshakusimulia. Nenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho."

Tumsifu alibaki mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, akitutazama kwa zamu. Aliyekaa chini ni mama yake.